Kitufe cha Kushushia

Mpiga kinanda yeyote wa Kisumu atakuapia kwamba anapiga ngazi zote, funguo nyeupe na nyeusi, macho yamefungwa. Usimwamini. Wengi wao wanajua kupiga mahali pamoja tu, na kazi iliyobaki wanakiachia kitufe. Kila kinanda cha umeme kinacho kitufe hicho. Ukikibonyeza huku, muziki wote unapanda ngazi moja. Ukikibonyeza kule, unashuka. Vidole vinabaki palepale vilipozoea, kinanda ndicho kinachohama. Mwimbaji akija koo limemkauka, unamshushia kidogo, anaimba, watu wanacheza, kila mtu anarudi kwake ameridhika. Hakuna anayejua, na hakuna anayeuliza.

Griffin Wechuli alikuwa mmoja wa hao, na wala hakuona aibu. Alijifunzia kanisani kwao Bungoma, kwenye kinanda kilichotafunwa nyaya na panya hadi funguo zote nyeusi zikawa bubu. Kiongozi wa kwaya, Mzee Shitanda, alimwambia, "Nyeusi wachana nazo, hizo ni za waliosoma." Basi akashika nyeupe. Akaja Kisumu na nyeupe zake, akaoa na nyeupe zake, akapata umaarufu na nyeupe zake. Umaarufu wenyewe ulikuwa wa kuazima, maana watu walimwita "yule wa kibodi" tu. Mwenye jina alikuwa Seline.

Seline Amolo alitoka Usenge, kwa mama mwanika omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Utoto wake wote aliumalizia ufukweni akiwafukuza ndege wasidonoe samaki kwenye nyavu za kuanikia, na kwa kuwa nyavu zilikuwa nyingi na ndege hawana haya, alifukuza kwa kupiga kelele. Ile kelele ndiyo iliyokuja kuwa sauti. Alikutana na Griffin kwenye harusi moja mjini, mwimbaji aliyekodiwa alipokosa kutokea. Seline alikuwa mgeni tu, binamu wa bibi harusi, lakini aliona watu wanaanza kupiga miayo, akainuka akachukua maiki. Griffin akamtafutia ngazi, akaipata mara moja, na kumbe ilikuwa palepale kwenye nyeupe zake, hata kitufe hakukigusa. Mshereheshaji akawatazama wote wawili walivyokonda, akasema, "Jameni, leo tumeimbiwa na omena mbili!" Jina likawaganda.

Wimbo uliowatoa uliitwa "Ukifika Kisian." Ni maneno ya mwanamke aliye Kisumu anayemngoja mtu wake atoke ziwani. Anamwambia, usinipigie simu ukiwa Bondo, ni mbali, utaniumiza moyo bure. Nipigie ukifika Kisian, hapa mlangoni mwa mji, nijue sasa ni kweli unakuja, niweke maji ya ugali. Basi, hayo tu. Lakini kila mtu aliyewahi kungoja mtu kwenye barabara ile aliuelewa, na pale kwenye neno "Kisian" Seline alipanda juu kabisa, akaishika ile sauti na kuikataza kushuka, hadi watu wakainua mikono kama wanaomwombea. Wimbo ulilia redioni, ukalia sokoni, ukalia kwenye simu za wavuvi. Hata leo, ukiuanzisha popote kando ya ziwa, watu wataacha wanachofanya wakingoja pale pa Kisian.

Mwenye studio mmoja wa Nairobi akampigia Seline, akamtaka aje peke yake. Kibodi, alisema, ziko tele Nairobi. Griffin alikuwa ameketi hapohapo mezani, wanakula samaki, na simu ilikuwa inapiga kelele kiasi kwamba alisikia kila neno. Seline akamwuliza yule bwana, "Wewe ulishaona wapi omena ikiuzwa moja?" Akakata simu, akaendelea kula. Griffin hakusema asante. Alijifanya amekwamwa na mwiba, akatoka nje, maana machozi yalikuwa yamefika.

Sitakusimulia miaka yote iliyofuata. Harusi, matanga, kampeni za wanasiasa, hoteli za Dunga zenye watalii wanaopiga makofi mahali pasipostahili. Seline alizaa, akafiwa na mume, akaendelea kuimba. Griffin akaota kitambi, hata watu wakasema omena mmoja amegeuka mbuta, yule samaki mnene wa ziwani. Walizeeka pamoja kama watu wa nyumba moja, yeye akimwita Nyar Usenge, binti wa Usenge, naye Seline akimwita owadwa, ndugu yangu.

Halafu yakaja mafua.

Yalikuwa mafua ya kawaida. Walikuwa na harusi Bondo, na Seline alifika akipenga kamasi, macho mekundu. Griffin akamhurumia. Bila kusema neno akabonyeza kitufe mara moja, na kwenye pembe ya kioo kidogo cha kinanda pakatokea kistari na moja. Seline akaimba. Alipofika Kisian sauti ilitoka safi, akashangaa mwenyewe.

"Tangawizi ya Mama!" alimwambia Griffin wakikunja nyaya. "Yawa, asubuhi nilikuwa nimekufa, owadwa. Hii tangawizi ya Mama ni dawa kabisa."

Griffin akacheka. Mtu amefurahi namna ile, utamwambia si tangawizi?

Mafua yakaisha, na Griffin alikusudia kwa dhati kurudisha wimbo mahali pake. Kwenye mazoezi akaurudisha. Seline akapanda, na pale juu sauti ikakwaruza kama kiti kinachoburutwa kwenye simenti. Akakunja uso, akashika koo. "Rudia," akasema. Griffin akainama kama anayerekebisha waya, akabonyeza, akarudia. Safari hii ilitoka vizuri. "Eeh," Seline akasema, "ilikuwa kohozi tu." Kitufe hakikurudi tena. Baada ya mwaka kikashuka ngazi ya pili, kisha ya tatu, na sasa ilikuwa ya nne. Griffin akakifundisha kinanda kiwe kinawaka na kistari na nne tangu mwanzo, asije akasahau siku moja mbele za watu.

Sasa sikiliza ubaya wake uko wapi. Seline hakupenda hospitali. Alisema kila aliyemjua aliyekwenda kupimwa alirudi na ugonjwa. Badala yake alikuwa na kipimo chake mwenyewe. Asubuhi sauti ilianza kumtoka nzito, hata watu wa simu wakamwita bwana. Akawa anakohoa akicheka, akimeza mate anashika shingo. Ikimzidi hofu, alikuja kwa Griffin na kumwuliza swali lilelile.

"Owadwa, niambie ukweli. Sauti yangu imebadilika?"

"Hapana bwana. Iko vile iko."

"Basi nipe Kisian."

Griffin akampa Kisian, iliyoshushwa. Seline akaifikia, akaishika, akapiga mapaja kwa furaha. "Iko! Kama Kisian naifika, koo haina kitu." Safari ya hospitali ikafutwa hadi hofu nyingine. Mara ngapi ilikuwa hivyo, Griffin alijua, ila hakupenda kuhesabu. Kipimo kilikuwa kinadanganya, na aliyekishika mkononi alikuwa yeye.

Utauliza kwa nini hakusema. Mwanzoni ilikuwa huruma, na huruma haina kosa. Baadaye ikawa mazoea. Mwishoni, tuseme ukweli, ilikuwa woga mtupu. Siku Seline atakapojua hafiki Kisian, Omena Mbili imekwisha, naye atabaki mwanamume wa makamo anayejua funguo nyeupe tu. Kibodi ziko tele. Maneno ya yule bwana wa Nairobi hayakuwahi kumtoka kichwani.

Mke wake Agneta ndiye aliyemshika. Agneta alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani, wa zile sauti nzito za chini, na kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi hata kujaribu ule wimbo. Alasiri moja, Seline alipokwisha kuondoka baada ya mazoezi, Agneta alikuwa uani anaosha sufuria huku anaimba. Akafika Kisian. Akaifikia bila shida yoyote, mikono ina sabuni, kisha akanyamaza ghafla. Akaja mlangoni.

"Baba Naswa, huo wimbo mmeushusha?"

"Kidogo."

"Kidogo gani? Mimi nimeimba Kisian. Mimi!"

Griffin akajifanya anapangusa vumbi kwenye funguo.

"Seline anajua?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Hii Disemba iishe kwanza. Tuna harusi nyingi, Mama Naswa. Nikimwambia sasa atavunjika moyo."

"Huyo mama anakohoa kwa nyumba yangu kila siku, na wewe unaniambia mambo ya moyo? Mwambie aende hospitali. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

"Niachie. Ni mtu wangu, nitamwambia mwenyewe."

Agneta akamwachia, na baadaye alijuta. Disemba ikafika, harusi zikaja, na kila asubuhi Griffin aliamka akisema leo, na kila jioni akalala akisema kesho.

Jumamosi moja wakaitwa Milimani, kwa Mzee Obiero, aliyestaafu kutoka kazi kubwa ya serikali. Yeye na mkewe walikuwa wanasherehekea miaka arobaini ya ndoa, mahema meupe bustanini, magari yamejaa hadi nje ya geti. Mzee Obiero aliwahi kufanya kazi Busia miaka mingi, mkewe akibaki Kisumu na watoto, na ndiyo sababu alisema chochote kingine kikose lakini "Ukifika Kisian" lazima iimbwe, na iimbwe baada ya chakula, yeye na Mama wameshikana mikono mbele za watu.

Chakula kikaliwa. Mzee na mkewe wakasimama. Griffin akaweka vidole, na stima ikapotea.

Kinanda kikazimika. Jenereta ikawashwa, ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ikafa kabisa. Wageni wakaanza kucheka. Mzee Obiero hakucheka. Aliwatazama kina Griffin, akatazama nyumba yake, uso ukamwangaza.

"Si tuko na piano ya Mercyline!" akasema. Mercyline alikuwa binti yake aliyeolewa Ulaya. "Hiyo haitaki stima. Vijana, itoeni hapo kwa varanda."

Wanaume wakaisukuma piano ikatoka, nyeusi na inang'aa. Piano ya mbao haina kitufe. Ufunguo ukiugonga unalia vile ulivyo, na haumhurumii mtu.

"Mzee, hizi piano za zamani huwa zimelegea," akasema. "Itaharibu wimbo."

"Imelegea? Fundi alitoka Nairobi wiki jana akaitengeneza yote. Keti, bwana."

"Labda tungoje stima..."

"Owadwa," Seline akamkatiza, akicheka, mkono kiunoni. "Unaogopa piano? Piga. Si ni wimbo wetu?"

Griffin akaketi. Alijaribu, namtetea kwa hilo. Alijaribu kuhamia chini, kuzitafuta zile funguo nyeusi alizoambiwa ni za waliosoma, na vidole vikagongana kama watu wasiojuana mlangoni. Watu wakaguna. Akarudi kwenye nyeupe zake, na nyeupe zake zilikuwa ndiyo ngazi ya kweli, ile ya siku ya kwanza.

Kwenye mstari wa kwanza tu Seline akageuza shingo kumtazama. Hakuacha kuimba, yeye ni mtu wa kazi. Akaupita mstari wa pili akiusukuma, mishipa imemsimama shingoni, na Griffin akapiga akiwa ameinamisha kichwa. Mzee Obiero alikuwa amemshika mkewe mikono miwili. Seline akavuta pumzi, akafungua kinywa, akapanda kwenda Kisian.

Hakukutoka kitu. Kwanza ilitoka hewa tupu, kisha kitu kama mkwaruzo, kisha hata huo ukakatika. Alibaki kinywa wazi mbele ya watu wote.

Wageni ni watu wazuri. Walidhani amezidiwa na hisia kwa ajili ya wale wazee wawili, basi wakapiga vigelegele, wakamwimbia wao, bustani nzima, wanaume kwa wanawake. Mama Obiero akafuta machozi. Ilikuwa sherehe nzuri sana, watu wa Milimani wanaizungumza hadi leo.

Walipotawanyika kwenda kukata keki, Seline alibaki varandani.

"Hii piano iko juu," alisema, sauti imekauka.

"Iko juu," Griffin akaitikia. Uongo ulimtoka bila hata kuuita.

 Seline akatoa simu yake mkobani, akatafuta wimbo wao, ule wenyewe wa studio wa miaka yote ile, akauweka juu ya piano ukalia. "Gonga pale unaanzia," akasema.

Griffin akagonga. Simu na piano vikalia pamoja, sawasawa.

"Haiko juu," Seline akasema.

Wakati huo stima ikarudi. Watu wakashangilia bustanini, na kinanda cha Griffin kikawaka chenyewe kwenye meza yake. Seline akakiendea. Hakuwa mpigaji, lakini kwa miaka mingi alikuwa amesimama karibu na mikono ya Griffin, na alijua vilipoanzia vidole vyake. Akabonyeza ufunguo uleule mweupe. Ukalia chini, mbali na ule wa simu. Akabonyeza tena. Kisha akainama karibu na kile kioo kidogo.

"Hii nne ni ya nini?"

Griffin akainuka kwenye piano.

"Naikumbuka ikiwa moja," Seline akasema polepole. "Naikumbuka ikiwa mbili. Mimi nilikuwa nadhani ni mambo ya betri."

"Nyar Usenge..."

"Tangu lini?"

"Tangu yale mafua ya Bondo."

"Na zile siku zote nilikuuliza?"

Keki ilikuwa inakatwa, watu wanahesabu kwa sauti. Griffin alitamani apigwe kofi. Angejua la kufanya na kofi. Seline hakumpiga wala hakumtukana. Alichukua mkoba wake, akavua viatu vya kisigino, akatembea peku juu ya nyasi za Mzee Obiero hadi getini, na hakugeuka nyuma.

Jumatatu alimpigia simu. Alisema maneno machache tu: anakwenda hospitali, na Griffin aje.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mtaratibu. Aliingiza kamera nyembamba kooni mwa Seline, akatazama, akaandika. Kisha akauliza tatizo lilianza lini na likaongezeka vipi. Seline akamnyoshea kidole Griffin.

"Mwulize huyu. Yeye ndiye anajua. Mimi sijui kitu."

Basi Griffin akasema. Akasimulia mafua ya Bondo na ngazi ya kwanza. Akasimulia ya pili, iliyokuja msimu wa matanga baada ya Pasaka, Seline alipoanza kukohoa akicheka. Ya tatu, na watu wa simu waliomwita bwana. Ya nne, na shingo iliyokuwa inauma akimeza. Alikumbuka yote, kila mahali, kila wimbo, maana mtu anayeficha kitu hukijua kuliko mwenye nacho. Daktari alikuwa anaandika mbiombio. Katikati akainua uso.

"Wewe ni mume wake?"

"Hapana. Mimi ni mpiga kibodi."

Daktari akaiweka kalamu chini kidogo, halafu akaishika tena. Alieleza kwamba kuna uvimbe, umekaa pale pale sauti inapotokea. Ungekuwa mdogo angeukwangua tu, mtu arudi kuimba baada ya kupumzika. Huu umekwisha kuota mizizi. Lazima akate, na akikata, uhai utabaki, lakini sauti ile haitabaki. Alilisema hilo akimtazama Seline, si Griffin, na Griffin alimshukuru moyoni, kisha akajichukia kwa kushukuru.

Nje kwenye benchi Seline alisema, "Nenda nyumbani." Akaenda.

Upasuaji ukapita. Agneta alikwenda kumtazama kila baada ya kanisa, na uji kwenye chupa ya chai, na Griffin alimsindikiza hadi kwenye geti la hospitali akabaki kwenye jua. "Amesema nini?" alimwuliza mkewe akitoka. "Hasemi, amekatazwa kuongea," Agneta akajibu. Siku nyingine akamwambia, "Hata angeweza, Baba Naswa, sijui kama angekuulizia." Agneta hakuwa mtu wa kupaka mafuta maneno.

Simu ya Griffin ililia mara mbili tatu. Kijana mmoja mwenye bendi mpya alimtaka. Griffin alisema atafikiria. Alikiwasha kinanda, kikaja na kistari na nne kama alivyokifundisha, akakaa akikitazama. Kisha akaifuta ile nne. Ilimchukua muda mrefu kukumbuka namna ya kukisahaulisha, na kilipowaka tena kioo kilikuwa kitupu. Akakifunika kwa kitambaa.

Ujumbe ulifika kwenye simu ya Agneta, si yake. Seline yuko Usenge kwa mama yake, na anasema Griffin aje na kibodi.

Alimkuta ufukweni, mchana mweupe, ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na nyavu za mama yake, leso imezungushwa shingoni. Omena zilikuwa zimeanikwa hadi mbali, na wanawake walikuwa wanazigeuza kwa fagio za njiti. Boti zilikuwa zimevutwa juu, wanunuzi wamekwisha kuondoka. Alikuwa amekonda, tena omena wa kweli sasa. Griffin akakisimamisha kinanda juu ya kreti mbili za soda, akaunganisha betri, na hakujua aweke wapi mikono.

Seline akamwonyesha akae karibu. Alichotoa kilikuwa mnong'ono, na ndani ya mnong'ono kulikuwa na mkwaruzo, na Griffin ilimbidi ainame ndiyo asikie.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Usinikatize, inaniuma." Akapumzika. "Hapa kila mtu ananidanganya. Mama anasema sauti inarudi. Pasta anasema inarudi. Wale mama wa omena, kila asubuhi, leo iko afadhali, leo iko afadhali. Nikasema wacha niite mwenye uongo mwenyewe. Huyo ameshaumaliza."

Akanyoosha shingo, akakitazama kioo kidogo cha kinanda. Kilikuwa kitupu. Akakitazama kwa makini, kama mtu anayetafuta unywele kwenye uji. Kisha akamgeukia.

"Owadwa. Sauti yangu imebadilika?"

Griffin alikuwa na jibu lake la miaka yote, na lilifika hadi mdomoni, maana mdomo nao una mazoea. Akalimeza. Lilimchoma likishuka.

"Imebadilika," akasema.

"Sana?"

"Sana."

"Itarudi?"

Mawimbi yalikuwa madogo, yanafika yanarudi. Griffin alikuwa analia waziwazi sasa, mwanamume na kitambi chake, mbele ya wanawake wa omena, na hakujifanya kwamba ni mwiba.

"Hapana, Nyar Usenge. Haitarudi."

Seline akafumba macho. Mabega yakamshuka, yote mawili kwa pamoja, na alikaa hivyo hadi Griffin akaogopa. Alipofumbua macho yalikuwa yamelowa, lakini yalikuwa yanamtazama moja kwa moja, jambo ambalo hayakuwa yamelifanya tangu Milimani.

"Haya," akanong'ona. "Nipe Kisian. Ile ya kweli."

Griffin akaweka vidole kwenye funguo nyeupe. Akapiga kuanzia mwanzo, ngazi ileile ya siku ya kwanza, polepole, bila maneno. Mstari wa kwanza ukapita, na wa pili ukapita. Wanawake walioinama wakaanza kunyooka mmoja mmoja, fagio mkononi, kwa sababu hakuna mtu wa ufuo ule asiyejua kinachokuja baada ya pale. Vidole vya Griffin vilitaka kuijaza ile nafasi, vipige chochote, visiwaache watu hewani. Akavizuia. Akafika Kisian, akapanyamazia.

Wanawake wakainua nyuso, wakangoja. Seline naye akainua uso wake, akangoja pamoja nao.